Sweta ya flisi kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga

Sweta ya kwanza niliyomshonea mwanangu iliishia kichwani. Sisemi kwa mafumbo: kichwa kiliingia hadi masikioni, kikagoma hapo hapo. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, anajiandaa kurudi bweni, na huku Njombe mwezi wa saba si wa kuchezea. Ukitoka nje alfajiri pumzi yako mwenyewe unaiona. Akavuta, nami nikavuta, tukasikia tratratra, uzi wa shingo ukakatika karibu wote. Hapo ndipo kichwa kikapita. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Mama, sasa imenienea."

Kilichoniudhi ni kwamba sikuwa mgeni wa cherehani. Nimeshona sketi za shule, magauni ya vitenge, mashuka, hata pazia za kanisa. Cherehani yangu ni Butterfly nyeusi niliyorithi kwa mama, ya kukanyaga, inayojua mshono mmoja tu, ule wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Nilidhani kitambaa ni kitambaa. Kumbe sivyo. Poplini ni nyuzi zilizopishana kama jamvi, ukilivuta jamvi haliongezeki. Kitambaa cha sweta ni vitanzi vilivyokamatana, kimoja ndani ya kingine. Ukivuta, vitanzi vinafunguka, ukiachia, vinarudi. Sasa mimi nilipokwisha kukata shingo nilifanya kile ninachofanya kila siku kwenye poplini: nikaipitishia mstari wa cherehani kuizunguka ili isitanuke. Na haikutanuka! Kitambaa kilikuwa tayari kutanuka, uzi ukakataa, kichwa kikabaki njiani.

Tangu hapo nimeshona nyingi, za watoto, za baba watoto, za majirani. Hapa naeleza ninavyofanya kwa cherehani hiyo hiyo. Nitatumia vipimo vya baba watoto, kwa inchi, kwa sababu mafundi wote ninaowajua huongea kwa inchi.

Kwanza kitambaa. Mimi nikipata mtu anayekwenda Mbeya namwagiza Mwanjelwa, akienda Dar es Salaam namwagiza Kariakoo. Flisi, yaani kile kitambaa cha sweta kinachovutika, ni ya aina mbili: yenye manyoya ndani, ambayo ndiyo ya baridi la huku, na ile ambayo kwa ndani ina vitanzi vidogo kama taulo, nyepesi zaidi. Zaidi ya flisi unahitaji ribu, kile kitambaa chenye mistari kinachovutika sana, cha kuwekea shingoni, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Ukikosa ribu dukani usihangaike. Nenda kwenye mitumba, tafuta sweta kubwa yenye doa au tundu ambayo hakuna anayeitaka, ukate ribu yake. Nusu ya sweta nilizoshona zimevaa shingo za mitumba.

Kabla hujalipa, jaribu mvuto. Shika inchi 4 za kitambaa kwa upande wa upana, uvute. Flisi ikifika inchi 5 inatosha. Ribu ifike 6 au zaidi. Halafu achia, maana hapa ndipo wengi hudanganyika: kisiporudi, kikabaki kimelegea mahali ulipovuta, kiache dukani hata kama rangi imekupendeza. Kwa mtu mzima, flisi yenye upana wa inchi 60 chukua mita moja na nusu, na ribu nusu mita.

Ukifika nyumbani usikate. Chora mraba wa inchi 10 kwa kalamu kwenye kona, loweka kitambaa chote kwenye maji ya vuguvugu, kamua kwa kukandamiza bila kusokota, kisha kitandaze juu ya mkeka kivulini. Kamba hapana, uzito wa maji utakivuta kiwe kirefu. Kikikauka, pima mraba wako. Wa kwangu ulirudi inchi 9 na nusu kwa urefu, na kwa upana haukupungua sana. Nusu inchi katika kila inchi 10 maana yake sweta ya inchi 26 ingepungua zaidi ya inchi moja baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na baba watoto angebaki na kitovu nje.

Sindano ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Ya kawaida ina ncha kali inayotoboa. Kwenye vitanzi inakata uzi, na baada ya kufua mara mbili unaona vijitundu vimejipanga kando ya mshono. Omba sindano ya vitambaa vya kuvutika, ambayo ncha yake imeviringwa na inapenya katikati ya vitanzi bila kuvikata. Mimi hutumia namba 14. Ukiona cherehani inaruka mishono, yaani inashona mitatu inaacha mmoja, usikimbilie kumwita fundi. Kitambaa kinavutika pamoja na sindano, kitanzi cha uzi hakijiachii vizuri kule chini, na ule mdomo wa kukikamata unapita mtupu. Mara nyingi sindano mpya ya aina hiyo inamaliza maneno. Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba hauna mvuto, utakatika.

Sasa vipimo. Kifua cha baba watoto ni 38, nyonga 39, kifundo cha mkono 6 na nusu, kichwa 23. Kutoka mfupa wa nyuma ya shingo, kupita begani hadi kifundoni, ni 32. Urefu anaoutaka ni 26. Kipimo hicho cha kutoka shingoni hadi kifundoni usikidharau. Ukipima mkono kuanzia begani tu, kila siku utabishana na nafsi yako kuhusu bega linaanzia wapi.

Kwenye kifua naongeza inchi 6 za nafasi, inakuwa 44. Anavaa shati ndani, na wakati mwingine fulana ndani ya shati. Vijana wanaopenda sweta za kupwaya wawekee 8 hadi 10, mtoto mdogo 4. Robo ya 44 ni 11, naongeza nusu inchi ya mshono, kwa hiyo kwenye karatasi iliyokunjwa nachora upana wa 11 na nusu, kutoka kwapani hadi chini, umenyooka. Urefu wa kiwiliwili ni 24 na nusu: ile 26, toa 2 na nusu za ribu ya kiunoni, ongeza nusu ya bega na nusu ya chini. Shingo naingia 3 na nusu kutoka kwenye mkunjo, mbele inashuka 3 na nusu, nyuma inashuka 1 tu. Bega nalitoa mpaka inchi 10 kutoka kwenye mkunjo, na ncha yake nailegeza ishuke inchi 1 na nusu. Kutoka hapo nashuka inchi 10 hadi kwapani, kwa mstari unaopinda kidogo kuelekea nje. Bega hili litaanguka kidogo kuliko bega lake la kweli, nami nataka hivyo. Sweta ya aina hii ikikaa sawasawa na bega inahitaji mkono wa koti, na sina ugomvi huo.

Mkono: 32, toa inchi 9 na nusu za nusu ya mgongo (ile 10 ya bega ukiondoa nusu ya mshono), inabaki 22 na nusu. Toa 2 na nusu ya ribu, ongeza inchi moja ya mishono, unakata 21. Chini, karatasi ikiwa imekunjwa, upana ni 5. Juu, kichwa cha mkono, yaani ule mpindo unaoungwa begani, nakipa kimo cha inchi 3 tu, kisha napima mstari wake kwa futi iliyosimama kwa ubavu mpaka ulingane na tundu la kwenye kiwiliwili. Kwangu nusu ya upana ilikuja 9 na nusu, nikaongeza nusu ya mshono.

Kama hesabu hizi zimekuchosha, kuna njia ya mkato: chukua sweta anayoipenda, ikunje katikati, itandaze kwenye karatasi, ichore pembeni. Lakini sweta iliyovaliwa miaka mitatu imeshalegea viwiko na kifua, hivyo pima ulichochora ukilinganishe na mwili wake.

Unapokata, mvuto uzunguke mwili. Weka kitambaa chote juu ya meza, kisining'inie pembeni, maana kinachoning'inia kinajivuta na ukikiachia kinarudi kifupi. Flisi ya manyoya ina mwelekeo kama ngozi ya paka; papasa, kisha vipande vyote vielekee upande mmoja.

Kabla ya kushona sweta, shona kipande cha majaribio. Weka urefu wa mshono karibu milimita 2, legeza kidogo kile kikaza uzi cha juu, na legeza pia ile skrubu ya juu ya kichwa inayokandamiza mguu wa cherehani. Unaposhona, shika kitambaa kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya sindano, ukivute kidogo kwa usawa. Kidogo. Ukimaliza inchi 6, ushike mshono kwenye ncha zote mbili uvute kwa nguvu. Uzi ukikatika kabla kitambaa hakijafika mwisho wa mvuto wake, fupisha mshono au legeza tena. Mshono ukitoka na mawimbi kama mdomo wa bamia iliyokatwa, umevuta mno au mguu unakandamiza mno. Na meno ya chini yakianza kula kitambaa, weka karatasi ya chooni chini yake, shona juu yake, kisha uichane. Gazeti linafaa pia, ila kwenye flisi nyeupe wino utabaki. Mwenye cherehani ya zigizagi hana haja ya sarakasi hizi zote. Aweke zigizagi nyembamba sana na aendelee.

Anza na mabega. Hapo ndipo mahali pekee ambapo sitaki mvuto kabisa, kwa sababu bega ndilo linalobeba uzito wa sweta nzima. Nakata ukingo wa poplini, ule mwembamba wa pembeni usiochanika, nauweka juu ya mstari wa bega na kuushona pamoja. Kisha mikono naiunga kwenye tundu sweta ikiwa bado wazi, haijafungwa ubavuni. Ni rahisi mara kumi kuliko kuzungusha mkono ndani ya tundu.

Ubavu wenyewe usiushone bado. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu, kutoka kifundoni kupita kwapani hadi chini, kwa uzi wa rangi nyingine. Halafu mwite mwenye sweta.

Hapa naomba utulie, kwa sababu sweta nyingi za nyumbani huharibikia hapa, na wanaozishona hudhani wameharibu cherehanini. Mvalishe pamoja na shati atakalolivalia. Mwambie ainue mikono kama anafunga pazia, ajikumbatie, akae, kisha ainame kama anafunga kamba za viatu. Usimwangalie akiwa amesimama wima tu kama yuko gwaride. Hakuna anayeishi hivyo.

Baba watoto alipoinua mikono, sweta yote ilipanda naye. Silika ya fundi ni kuongeza tundu, akate kwapa lishuke zaidi. Nilifanya hivyo zamani na ikawa mbaya zaidi, sikuelewa kwa nini mpaka nilipokaa nikafikiri. Kwapa likiwa chini sana, mkono wa nguo unaungana na mwili mbali na mahali mkono wa mtu unapoungana na mwili wake. Ukiinua, lazima ubavu wote ufuate. Dawa ni kupandisha kwapa, kama kitambaa kipo, na kupunguza kimo cha kichwa cha mkono huku ukipanua upana wake. Kama umeshakata na kitambaa hakiongezeki, weka kipande cha pembe nne chini ya kwapa, inchi 3 kwa 3, kama kile cha kanzu. Flisi inakificha vizuri, na hakuna atakayekiona mpaka mvaaji aanze kucheza kwaya.

Jambo la pili: shingo ya mbele ilimkaba koo na sweta ikawa inarudi nyuma kila akitembea. Miaka ya kuinama kwenye viazi imempa mgongo wa juu ulioviringika kidogo, hivyo kitambaa cha nyuma kilikuwa kifupi kwake na kikavuta cha mbele. Mimi nikamshushia shingo ya mbele nusu inchi, basi. Kwa sweta yake ya pili nilirekebisha karatasi yenyewe: nyuma nikaipandisha nusu inchi katikati ya shingo. Ya pili ndiyo anayoivaa.

Mikunjo mingine unaiacha. Sweta isiyo na mkunjo hata mmoja kwapani ni sweta isiyoruhusu mkono kuinuka.

Ukiridhika, shona ubavu kwa cherehani juu ya bandi, mstari mmoja, kisha wa pili kando yake kwa upande wa ukingo, umbali kama wa unene wa njiti ya kiberiti. Toa bandi. Sasa ribu.

Shingo kwanza, na hapa nalipa deni la yule mtoto. Pima mzunguko wa shingo juu ya mstari utakaoshonwa, robo inchi ndani ya ukingo. Kwa vipimo nilivyotoa unakuja kama inchi 20. Nilipomshushia baba watoto nusu inchi ulifika karibu 21, kwa hiyo pima chako, usinakili changu. Ribu iwe asilimia 85 ya mzunguko huo. Kwa 20 ni 17, ongeza nusu inchi ya kuunga, unakata 17 na nusu. Kimo kata 2 na nusu, kikikunjwa na kushonwa kitabaki inchi 1. Unga ncha ziwe duara, kisha kabla ya kuishona popote, ivalishe ribu peke yake kichwani. Ikipita bila kuvuta masikio, endelea. Hilo jaribio la sekunde tano lingeniokolea machozi yangu yote ya mwezi wa saba.

Kunja ribu kwa urefu, igawe robo nne kwa pini. Shingo ya sweta nayo igawe robo nne, na usidhani mabega ndiyo robo. Mbele ni parefu kuliko nyuma, kwa hiyo ukilinganisha katikati ya mbele na katikati ya nyuma, robo zinaangukia mbele kidogo ya mshono wa bega. Ukibandika pini begani, ribu itabanwa mbele na kulegea nyuma. Shona ribu ikiwa juu, mwili chini. Vuta ribu peke yake mpaka ifikie mwili. Mwili usiuvute hata kidogo. Kiunga cha ribu kiwe katikati ya nyuma.

Ivae tena. Shingo ikisimama mbele na kupiga mdomo, ribu ni ndefu. Fumua, punguza nusu inchi. Mwili ukikunjamana kuzunguka shingo, ribu ni fupi. Kufumua mshono mfupi wa uzi wa polista kwenye flisi ni kazi ya jioni nzima, nakuambia mapema.

Vifundo: ribu 8 kwa 6 kila kimoja. Kiunoni 37 kwa 6, ambayo ikishaungwa inabaki 36 dhidi ya mwili wa 44. Kwa nyonga za 39 inakaa bila kupanda. Mtu mwenye nyonga nene kuliko kifua asipewe asilimia yoyote ya vitabuni. Zungusha ribu nyongoni mwake, ivutike kidogo tu, kata hapo. Ikimbana itapanda hadi kiunoni na kutuna juu kama andazi.

Sasa, na sasa tu, peleka ovaloki, ile cherehani inayozungushia uzi kwenye kingo. Mimi nina kijana wa sokoni anayenipitishia mishono yote kwa dakika kumi. Ovaloki ina kisu. Inachokata hakirudi, ndiyo maana haiendi kabla ya kujaribu. Mwambie apite ukingoni asile mshono wako. Aliye mbali na ovaloki anaweza kuacha hivyo hivyo, flisi haichanguki kama kitenge, apunguze tu kingo kwa mkasi.

Pasi yangu ni ya mkaa. Naweka kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya mshono, naishusha pasi, nahesabu hadi tatu, nainyanyua. Kuiburuza hapana, inavuta. Na ikung'ute majivu nje kwanza.

Ile sweta ya kwanza bado ninayo, ila si sweta tena. Nimeikata vipande na kuviweka kwenye kopo la vifungo, navyo ndivyo ninavyojaribia mshono kila ninapobadili sindano.